Tukingoja Maji ya Bamvua

Juni 30
Daftari hili ni la geti. Lina safu ya namba ya gari, safu ya saa ya kuingia, ya kutoka, na sahihi. Nililinda geti la kampuni ya chumvi miaka kumi na minane, nikiandika kila kilichopita, mpaka mwezi wa tatu walipoweka kamera inayosoma namba yenyewe. Kamera haihitaji daftari, kwa hiyo hili jipya nikaondoka nalo. Mkono umezoea kuandika, na mtu wa miaka arobaini na saba hajifunzi tabia nyingine.

Dada yangu Hurbai amenitafutia kazi bila kuniuliza. Mumewe, Jakab, ana ngamia ishirini na sita, wa aina yetu wanaoogelea, na kila msimu wa mvua huwavusha kwenda kisiwa cha Pirwari kula mikoko. Ndugu yake aliyekuwa akienda naye sasa anaendesha lori la mafuta mjini Gandhidham. Nikamwambia Hurbai sijalala na ngamia tangu nina miaka kumi na mitano. Akasema ngamia hawatajali.

Julai 2
Kutoka kijijini hadi baharini ilikuwa nusu siku nilipokuwa mdogo. Leo ni siku ya pili tunatembea. Unazunguka uwanja wa magogo, unazunguka matangi ya mafuta ya kupikia, unangoja treni ya makaa ipite, mabehewa hamsini na tisa, kisha unavuka barabara kuu huku madereva wakipiga honi na kutoa vichwa kukuuliza kama ngamia wako wamelipia ushuru. Mmoja amempiga picha Jakab. Jakab akamwuliza kama anataka na ya shemeji yake, huyu mwenye kitambi, maana ngamia wa namna hiyo ni adimu. Alikuwa anazungumza juu yangu.

Julai 3
Mwezi umeandama, kwa maneno ya Jakab. Mimi nimeona wingu. Yeye anasema ulichungulia kama ukucha, juu kidogo ya bomba la moshi la pili, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye ngamia, umeandama.

Tangu hapo anahesabu kwenye viungo vya vidole. Maji makubwa, ya bamvua, huja siku ya pili ya mwezi na siku ya kumi na sita, saa saba mchana. Nikamwonyesha simu yangu, kwamba siku hizi hata hesabu za maji zimo humu. Akaniuliza simu ilizaliwa mwaka gani.

Julai 5
Tumevuka. Nilikuwa nimesahau. Ngamia husimama ukingoni wakilalamika kama wazee kwenye foleni ya mgawo wa mchele, halafu Bhuri, jike mkubwa wa rangi ya udongo, anaingia bila kuambiwa na wote wanamfuata. Maji yanafika tumboni, yanafika nundu, na ghafla mnyama yule mzito anakuwa mwepesi. Nilishika mkia wa mmoja na kupiga kelele za aibu. Ndama watano wa mwaka huu bado wadogo, Jakab aliwavusha ubavuni mwake, mmoja mmoja, akiwashika kidevu.

Upana wa mkono ule wa bahari ni kama robo saa ya kuogelea. Nyuma yetu kreni za bandari, kushoto mashamba ya chumvi, mbele yetu mikoko ya kijani mpaka jicho linapochoka. Jakab alifika akiwa anacheka peke yake. Ni mtu wa makamo mwenye meno manne mbele, lakini leo nilimwona kama kijana.

Julai 6
Mvua. Kila kitu kimelowa isipokuwa unga, alhamdulillahi.

Julai 11
Mvua imejaza bwawa la katikati ya kisiwa, maji matamu. Hilo ndilo linalotuwezesha kukaa hapa miezi miwili. Ngamia anaogelea kwenye chumvi na anakula majani ya chumvi, lakini hanywi chumvi.

Tunaishi kwa mkate wa uwele, vitunguu na maziwa. Jakab hawezi kumwona mtu bila kumkamulia maziwa. Kwetu maziwa ya ngamia hayauzwi na hayanyimwi mtu, na yeye ameshika hilo kama alivyoshika sala. Leo mgeni wetu alikuwa dereva wa tingatinga. Mkiani mwa kisiwa, kule mbali, kuna tuta jipya la udongo linalotokea mashamba ya chumvi, na yeye alikuwa juu yake na mashine yake ya kuchimba. Jakab akampungia mkono mpaka akashuka. Anaitwa Ramprit, anatoka mbali, Bihari, hajaonana na mkewe tangu sikukuu ya taa. Alikunywa mabakuli mawili. Tukamwuliza anajenga nini, akasema barabara.

Namba ya tingatinga lake naijua. Niliiandika mwenyewe mwezi wa pili, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nilimfungulia geti na kumwuliza anakwenda wapi, akasema kutengeneza barabara ya ndani. Nikapiga tiki.

Julai 12
Hakuna jambo.

Julai 14
Jakab anakoroma. Hurbai hakunitajia hilo.

Julai 19
Siku ya kumi na sita, bamvua. Hatukuwa na haja ya kuvuka, bwawa limejaa, lakini Jakab huenda kutazama maji kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Kuna mti wa mkoko ukingoni wenye tawi lililopinda, na babu yake alimfundisha kwamba siku ya kumi na sita maji hulamba tawi lile. Tukakaa. Saa saba ikafika, saa nane ikafika. Maji yalifika kwenye mizizi, yakachelewachelewa hapo, yakarudi.

Jakab alitangulia kurudi kambini. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa la aibu, kwamba kumbe mimi nilisema kweli, lililoandama tarehe tatu lilikuwa wingu. Amekosea siku nzima, labda mbili. Baba yake hakuwahi kukosea mwezi. Akavikunja vidole vyake na kuanza kuhesabu upya.

Mimi nilikuwa nafunga kamba ya turubai. Nikaendelea kuifunga.

Julai 20
Amekwenda tena kutazama, maana kwa hesabu yake mpya leo ndiyo kumi na sita. Maji hayakufika hata kwenye mizizi.

Julai 21
Amekwenda tena.

Julai 24
Siku ya sita bila mvua. Mawingu yanapita juu yetu kwenda kunyeshea watu wengine.

Julai 28
Bwawa limepungua nusu. Nimepanda juu ya mti nikaona tuta limefika wapi. Limezidi mkia wa kisiwa, linakwenda kuufunga mdomo wa ule mkono wa bahari, pale unapoachana na bahari kubwa. Limebaki pengo la kupita malori mawili.

Nilishuka nikiwa na maneno tayari kinywani. Jakab alikuwa anamtoa ndama mwiba wa mguuni huku anamwimbia, na aliponiona akaniuliza kama kule juu nimeona mvua. Nikasema sijaona. Sijui kwa nini sikusema lile lingine. Ninajua. Ningesema, angeniuliza nani aliyewafungulia.

Julai 30
Maji ya bwawa yameanza kuwa na ladha ya chumvi. Ngamia wananusa wanaondoka, wanarudi, wananusa. Mapipa yetu mawili ni ya kunywa sisi.

Agosti 1
Usiwe na shaka, anasema Jakab. Mwezi umeandama leo na safari hii tumeuona wote wawili, mkali kabisa, hakuna wingu. Keshokutwa ni siku ya pili, tutavuka mchana, jioni watakunywa kisimani kwa Hurbai. Alipiga magoti akashukuru, si kwa ajili ya mwezi, bali kwa sababu hesabu yake imerudi mahali pake. Anaamini bahari haikosei, na kama kuna mkosaji ni yeye.

Agosti 3
Nataka niandike hili kwa utaratibu, kama lilivyotokea.

Tuliwaleta ukingoni saa sita. Hawajanywa siku nne. Mbele yetu, pale tulipovuka kwa kuogelea mwezi uliopita, palikuwa na tope tupu, jeusi, linalong'aa, na katikati yake mchirizi wa maji ambao mtoto angeuruka. Jakab akasema bado, saa yake ni saa saba. Tukakaa. Aliwasimulia ndama habari za kuogelea, kwamba wasiogope, maji ni kama mgongo wa mama. Saa saba ikafika. Saa saba na nusu. Tope likaanza kukauka na kupasuka pembeni.

Hapo ndipo Bhuri alipoingia. Hakuambiwa, kama ambavyo hakuambiwa siku ile. Saa yake ilikuwa imefika. Ana miaka ishirini ya kuvuka hapa, siku ya pili, saa saba, na mwili wake unajua. Alikwenda hatua kumi. Ngamia hawezi kuogelea kwenye tope na hawezi kulitembea. Miguu ya mbele ilizama, akajaribu kuitoa, ya nyuma ikazama, akakaa kwa tumbo. Hakulia. Aligeuza shingo akamtazama Jakab.

Wengine tuliwazuia kwa fimbo na kwa mwili, kisha tukamwendea Bhuri kwa kutambaa juu ya turubai. Tulichimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa kifuniko cha pipa. Ukitoa konzi moja, mbili zinarudi. Tulimfunga kamba, tukavuta, kamba ikakatika, tukaunganisha, tukavuta. Saa kumi tulimwagia maji yetu ya pipa kichwani na mdomoni, akanywa. Jakab alikuwa anazungumza naye muda wote, maneno ya kawaida kabisa, kama mtu aliye ndani ya nyumba anazungumza na mtu aliye jikoni. Akaniambia, bila kugeuka, nimwombe radhi Hurbai, maana Bhuri alikuwa mahari yake.

Jua lilipoanza kushuka alilaza shingo juu ya tope, na hakuinua tena.

Jakab alikaa pale pale. Akaanza kuhesabu vidole. Alihesabu mkono wa kulia, akahesabu wa kushoto, akasema, "Nimekosea wapi, shemeji? Niambie wewe uliyesoma. Mwezi tumeuona wote."

Nikamwambia. Nilimwambia hukukosea, hesabu yako ni sawa, ya babu yako ni sawa, wameziba mdomo wa mkono huu kwa udongo na maji hayaingii tena. Nilimwambia nimelijua tingatinga lile tangu tarehe kumi na moja na nimejua tuta linakwenda wapi tangu tarehe ishirini na nane. Nilimwambia geti nililifungua mimi.

Alivikunjua vidole vyake. Halafu akasema, "Basi sikukosea." Alilisema kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi ningependa anipige.

Agosti 4
Ishirini na tano wamebaki. Kila mmoja anahitaji madebe mawili ya maji, na sisi tuna nusu pipa.

Nimepiga simu tangu asubuhi, nikiwa juu ya mti ambako mtandao unapatikana. Ofisi ya misitu wamesema mikoko ni yao, ila udongo uliowekwa juu ya tope si mti, niwapigie watu wa bandari. Watu wa bandari wamesema eneo hilo wamelikodisha, niwapigie waliokodi. Ofisi ya wilaya wamesema niandike barua. Nikawauliza barua nitaiandika, je, ngamia waisome? Kijana wa watu akasema mzee, mimi ni wa kupokea simu tu. Nikamwonea huruma, maana na mimi nilikuwa wa kuandika namba tu.

Hurbai ameshika usukani kijijini. Nilipomwambia habari ya Bhuri, aliuliza kama alikufa amekunywa maji. Kisha akasema amekwenda kwa chama chetu cha wafugaji. Chama kina kesi mahakamani juu ya visiwa hivi, na mashahidi wake ni wachungaji wenyewe, watu kama Jakab ambao wamevuka hapa tangu babu. Kampuni inadai hakuna aliyewahi kulisha ngamia Pirwari. Wakili anasema tusubiri, kesi itatajwa tarehe kumi na tisa.

"Kaka, nisikilize vizuri," alisema. "Wakili anasema Jakab asiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote ile. Yoyote. Akiweka, kisiwa kimekwenda, na si chake peke yake, cha wote. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Nilimweleza Jakab yote. Akasema hilo lina haja gani ya kuambiwa, mtu mzima hawezi kuweka dole akisema baba yake hakuwapo duniani.

Agosti 5
Ndama mmoja amekufa asubuhi, yule wa mwiba.

Nilikwenda kwa Ramprit. Alikuwa amezima mashine na kukaa kivulini mwake, ameshika tama. Nikamwambia achote mara tatu tu kwa kile kijiko chake kikubwa, mara tatu, maji yataingia na sisi tutaogelea zetu. Akanionyesha kisanduku kwenye dari ya mashine. Kila anapochota kinahesabu, na kinajua amesimama wapi. Mwenzake alijaribu mahali pengine kuwafungulia wavuvi, alifukuzwa siku hiyo hiyo na mshahara wa miezi miwili ukaliwa. Alilia, yule bwana. Alisema maziwa yenu yamo tumboni mwangu. Akanipa dumu lake la maji la lita tano, na nikalipeleka kwa ngamia ishirini na nne.

Njia iliyobaki ni moja, juu ya tuta lenyewe, kutoka mkiani mwa kisiwa hadi geti la kampuni. Mwendo wa saa moja. Kando ya geti, upande wa ndani, kuna bomba la kujazia malori ya maji. Mwaka jana wachungaji wengine walipita juu ya tuta kama hilo bila ruhusa, wakawekwa ndani siku tisa, na ngamia wao wakafungiwa uani bila kunywa.

Nilikwenda nikaomba ruhusa. Getini yupo Velji, tuliyelinda naye miaka kumi na miwili, yeye zamu ya usiku, mimi ya mchana; sasa wamembakiza yeye, kufungua kizuizi mchana. Alinikumbatia, akaniita mzee wa daftari, akaenda kumwita meneja. Meneja ni kijana mpole mwenye viatu safi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hakuna shida hata kidogo, ngamia ni viumbe vya Mungu, wapite kesho asubuhi na wanywe washibe. Ila kuna karatasi ya kawaida ya kusainiwa na mwenye mifugo.

Nikaomba kuisoma. Akanipa. Nimeisoma mara tatu nimesimama.

Agosti 6
Karatasi inasema hivi: kwamba mwenye dole hili anakiri kuwa kisiwa na mkono wake wa bahari ni eneo la kampuni; kwamba aliingia msimu huu kwa kupotea njia; kwamba yeye na ukoo wake hawakuwahi kulisha wala kuvusha ngamia hapo kabla; na kwamba hawatarudi.

Nilirudi kambini usiku wa jana na kumwambia Jakab tumepata njia, kuna karatasi ya kuomba kupita. Akaniuliza kama inataja kisiwa. Nikasema nitaisoma vizuri kesho kukiwa na mwanga.

Asubuhi tukawapandisha juu ya tuta. Wanne ilibidi tuwainue kwa kamba. Walitembea kichwa chini, bila hata kulalamika, na ngamia asiyelalamika si ngamia. Kulia kwetu maji ya bahari yalikuwa yakipiga udongo kwa nje. Kushoto tope. Jakab hakutazama upande wowote.

Walipofika karibu na geti walisikia harufu ya bomba. Sijawahi kuona kitu kama kile. Walijipanga kwenye kizuizi cha chuma wakazinyoosha shingo juu yake, wote, na wale ndama wakapita chini ya matumbo ya mama zao wakaanza kulamba kutu ya nguzo. Ndama mmoja akakaa chini. Velji alikuwa ameshika kamba ya kizuizi na hakuweza kuinua macho.

Meneja akaleta meza ndogo, karatasi na kidau cha wino. Jakab akanawa mikono kwa mchanga kwanza.

"Soma, shemeji," akasema. "Kama inasema kisiwa si chetu siweki, wafie hapa hapa na mimi nife nao. Wewe soma tu."

Alisema kweli. Ninamjua sasa. Mwezi wa sita nilidhani ni mchunga ngamia anayehesabu vidole kwa sababu hajui namba. Leo ninajua kwamba angekaa chini pale kwenye lami, angewaangalia wakifa mmoja mmoja, na asingeweka dole. Na ndama yule alikuwa ameshalaza shingo.

Nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Nikasoma, "Mimi Jakab, mchungaji, naomba njia ya kupitisha ngamia wangu kwa sababu ya kiu, na nitalipa uharibifu wowote wa tuta." Nilisoma polepole, kidole kikifuata mistari, macho yakihama kutoka kushoto kwenda kulia kama inavyotakiwa. Hata nilikwama kwenye neno moja, ili ionekane kweli.

Meneja alikuwa anatazama simu. Velji anajua kusoma, na alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi yake ikisimama, kisha ikaendelea.

"Hayo tu?" Jakab akauliza.

"Hayo tu."

Akaweka dole. Akalibonyeza vizuri, akalizungusha kidogo ili alama itoke safi, maana hapendi kazi ya nusunusu. Velji akaachia kamba.

Walikunywa saa nzima. Ndama yule aliinuka. Jakab alisimama katikati yao amelowa mpaka kiunoni, akinitazama na kucheka, na akamwambia meneja kwamba shemeji yake huyu, kitambi na yote, ni mtu wa maana kuliko ndugu yake wa kuzaliwa.

Agosti 9
Hurbai amepika. Sikula.

Agosti 15
Mvua imerudi, kubwa, imejaza kila shimo. Kama ingenyesha siku kumi mapema.

Agosti 20
Wakili amempigia Hurbai. Jana kesi ilitajwa, na upande wa kampuni ulisema wana karatasi ya mchungaji mmoja aliyekiri kwa dole lake mwenyewe kwamba Pirwari haikuwahi kuwa malisho. Hawakutaja jina. Wataionyesha kikao kijacho, tarehe kumi Septemba. Hurbai alisimulia haya akigawa chai, kisha akanitazama, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akanipa kikombe changu.

Jakab alikasirika mpaka akasimama. Si mtu wa kutukana. Alisema tu, "Huyo aliyeweka dole, nashangaa. Ana watoto huyo? Atawaambia nini?" Akaniuliza mimi kama katika miaka yangu ya getini niliwahi kumwona mchungaji wa namna hiyo. Nikasema sikuwahi.

Agosti 29
Kila siku ninaamka nimeamua kumwambia. Kila siku ananiwahi kwa neno jema.

Agosti 31
Mwezi umeandama. Jakab alituita wote nje kuuonyesha, mwembamba, juu ya paa la jirani, akasema keshokutwa ni siku ya pili na kwamba mvua hii kubwa lazima imelibomoa lile tuta la udongo, udongo hauwezi kushindana na bahari. Amewapa ndama wanne waliobaki majina, jambo ambalo hufanywa tu kwa ndama waliovuka mara moja na watakaovuka tena. Mkubwa wao amempa jina la Bhuri.

Ameniambia niyaandae mapipa. Nimeyaosha yote mawili, nimeyajaza, nimeyafunga kamba, na nimeyaweka mlangoni.